Jinsi ya Kulipekua Dokezo la Mchezo wa Roboti Kabla ya Januari

Bibi yangu, Tanga, alipotega kitendawili nasi tukashindwa, hakutoa jibu mpaka apewe mji. Tulimpa Pangani, tukampa Lushoto, na usiku ukirefuka tulimpa hata Mombasa ambayo haikuwa yetu. Siku hizi naishi Minnesota, ni mlezi wa timu ya roboti ya shule ya sekondari, na kila mwisho wa mwaka nakutana na mchezo uleule. Waandaaji wetu, shirika la mashindano ya roboti liitwalo FIRST, wanatoa dokezo: picha, video fupi au maneno machache ya mafumbo. Wanafunzi wanaacha kazi zote na kuanza kulichambua hadi usiku wa manane. Tofauti ni moja: bibi alitaka tulijue jibu. Hawa hawataki tulijue kabla ya Januari.

Kwa msomaji asiyeyafahamu mashindano haya: FIRST Robotics Competition, au FRC, ilianzishwa na mvumbuzi Dean Kamen akishirikiana na profesa Woodie Flowers, na msimu wa kwanza ulichezwa mwaka 1992. Leo ina timu zaidi ya 3,000. Kila mwaka mchezo hubadilika. Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Januari mchezo mpya unatangazwa kwa timu zote kwa wakati mmoja. Kitabu cha kanuni huwa kimeshatolewa mapema kikiwa kimefungwa kwa nywila, na nywila hutajwa siku hiyo. Kuanzia hapo una wiki chache tu za kubuni, kujenga na kujaribu roboti ya zaidi ya kilo 50. Ndiyo maana watu wanatamani kujua mapema, hata kama ni kwa siku kumi tu.

Nimeshiriki kubahatisha huku kwa misimu mingi, na nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia. Nilichokipata ni njia ya kukosea kwa faida. Kiini chake ni kwamba usihangaike kutafuta jina la mchezo wala sura yake, tafuta kitenzi. Roboti itafanya nini? Itarusha, itapachika, itapanga juu kwa juu, itapanda? Anayejua kitenzi anaweza kuingia karakana leo. Aliyekisia kwamba mchezo utahusu maharamia hana cha kufanya ila kusubiri.

1. Andika kilichopo, kisha funga daftari

Dokezo likitoka, kabla mtu yeyote hajasema "mimi najua!", kila mwanafunzi achukue karatasi na aandike peke yake anachokiona. Si anachokidhania. Picha ina rangi ngapi? Vitu vingapi? Kipi kiko mbele, kipi kimekatwa pembeni? Maneno ni mangapi, herufi kubwa ziko wapi, kuna kosa la tahajia? Kama ni video, ina sekunde ngapi, na kuna sauti gani nyuma ya muziki?

Dakika kumi zinatosha. Mwenye sauti kubwa akitangulia kusema "ni meli", basi wote wataona meli, na yule mtoto mkimya aliyeona kamba zinaning'inia hatasema tena. Nimewahi kumpoteza mkimya wa namna hiyo, nitaeleza mbele.

2. Kata yasiyowezekana

Hapa ndipo wageni wanapopotea. Kuna utani mkongwe katika FRC kwamba mwaka huu mchezo utakuwa wa maji. Kila msimu, dokezo liwe picha ya kiti au namba saba, lazima atokee mtu wa kusema: mchezo wa maji. Mwaka 2017 mchezo uliitwa Steamworks, enzi za injini za mvuke, na wataniaji wakadai ushindi kwa kuwa mvuke ni maji. Mwaka 2025 ukaja Reefscape, mwamba wa matumbawe na mwani, bahari kila upande, na uwanjani hapakuwa na tone hata moja.

Sababu ni za kawaida kabisa. Uwanja wa FRC ni zulia lenye ukubwa wa takriban mita 16.5 kwa 8.2, linalotandikwa kwenye kumbi za michezo za shule na viwanja vya ndani, kisha linakunjwa na kupakiwa kwenye lori hadi mji mwingine. Roboti 6 ziko ndani kwa pamoja, 3 za muungano mwekundu na 3 za muungano wa bluu, kila moja ina betri ya volti 12 na nyaya zilizo wazi. Mechi inadumu takriban dakika mbili na nusu, na nyingine inafuata baada ya dakika chache. Sasa mwaga maji hapo uone.

Kwa hiyo kila wazo lipitishe kwenye maswali haya. Je, linaweza kukunjwa na kupakiwa? Timu ya kijijini yenye pesa kidogo inaweza kujitengenezea mfano wake kwa plaiwudi? Vitu vya kuchezea, yaani mipira, pete na kadhalika ambavyo roboti hushika, vinanunulika kwa maelfu? Roboti inaweza kuvigonga mara mia bila kuvunjika? Mtazamaji aliyekaa juu kabisa ya jukwaa ataona nani anashinda? Wazo likishindwa swali moja, lifute bila huruma. Moto, mchanga, ndege zisizo na rubani za kupigana: vyote hufia hapa.

3. Weka kete 20

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo timu nyingi huiruka.

Chukua kete 20 za bao. Kama huna, maharage yatafaa. Kuanzia 2006 hadi 2026 FRC imekuwa na michezo mipya 20, kwa sababu mwaka 2021, wakati wa korona, mchezo wa 2020 ulirudiwa kwa namna ya kuchezwa nyumbani. Kete moja ni mchezo mmoja. Sasa uliza historia kabla hujaliuliza dokezo.

Je, kulikuwa na mpira? Hesabu nami: 2006 mipira ya sponji, 2008 mipira mikubwa yenye kipenyo cha mita moja hivi, 2009, 2010 mipira ya kandanda, 2012 ya kikapu, 2014 mpira mkubwa kama ule wa mazoezi ya viungo, 2016, 2017, 2019, 2020, 2022, 2025, 2026. Ni michezo 13. Isiyo na mpira ni 7: tyubu za kupuliza mwaka 2007 na 2011, visahani vya kurusha mwaka 2013, makasha na mapipa ya taka mwaka 2015, maboksi mwaka 2018, koni na maboksi ya kupuliza mwaka 2023, pete za sponji mwaka 2024.

Basi kabla hujalitazama dokezo, kete 13 ziko kwenye shimo la mpira na 7 kwenye shimo la vingine. Mwanafunzi akija na hadithi nzuri kuhusu piramidi za barafu, mwambie aanzie hapo: ana kete saba tu za kugawana na wenzake wote wasiotaka mpira.

Uliza tena: je, mwishoni mwa mechi roboti zitapanda au kuning'inia? Kuanzia 2016 hadi 2026, katika michezo 10 mipya, jibu ni ndiyo mara 10. Mnara, kamba, jukwaa, bomba, ngazi ya kuning'inia, jukwaa la kuyumba, mnyororo, kizimba: jina hubadilika, kazi ni ileile ya kuinua kilo 50 na zaidi kutoka sakafuni huku saa ikikimbia. Miaka ya 2014 na 2015 haikuwa na kupanda, kwa hiyo si sheria ya Musa, lakini mimi siweki zaidi ya kete moja upande wa "hapana".

Kuna lingine nililoligundua nikiwa nimekaa na jedwali usiku mmoja. Kuanzia 2016, miaka yote ya shufwa imetumia aina moja tu ya kitu cha kuchezea: 2016, 2018, 2020, 2022, 2024, 2026. Miaka ya witiri iliyokuwa na mchezo mpya imetumia aina mbili: 2017 gia na mipira, 2019 visahani na mipira, 2023 koni na maboksi, 2025 mabomba na mipira. Inaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2013 ulikuwa witiri na ulikuwa na visahani peke yake. Lakini kwa mtu anayesubiri msimu wa witiri, nisingemlaumu akiweka kete 14 kwenye "aina mbili".

Baada ya kuweka kete za mwanzo, ndipo ufungue dokezo. Na hapa nina sheria moja katika timu yangu: ushahidi mmoja hauhamishi kete zaidi ya tatu. Picha ya pete inaonekana? Hamisha tatu. Na maneno nayo yanaelekea kwenye pete? Ushahidi mwingine, hamisha mbili. Bila sheria hii kete zote 20 hukimbilia kwa yule anayeongea sana.

4. Tazama michezo ya wadogo zao

FIRST ina ngazi tatu kubwa. FIRST LEGO League ya watoto huzindua msimu wake mwezi wa Agosti, FIRST Tech Challenge mwezi wa Septemba, na FRC inakuja mwisho, Januari. Tangu msimu wa 2018–2019 ngazi zote zimekuwa zikishiriki mada moja. Maana yake ni kwamba dokezo kubwa kuliko yote limekaa mbele ya macho ya watu kwa miezi minne, na halikuandikwa "dokezo" juu yake.

Msimu wa 2022–2023 mada ilikuwa nishati. Septemba, FIRST Tech Challenge ikaja na Power Play, ambamo roboti ndogo zilipachika koni kwenye nguzo. Januari, FRC ikaja na Charged Up: koni tena, kubwa zaidi, na za kupachikwa kwenye nguzo. Aliyekuwa ameweka kete tatu kwenye koni alikula.

Msimu uliotangulia mada ilikuwa usafirishaji. Wadogo walibeba mizigo, na katika Rapid React ya 2022 mipira yenyewe iliitwa mizigo. Mwaka 2024 mada ilikuwa sanaa: kitu cha kuchezea kikawa pete iliyoitwa noti, ikirushwa kwenye spika. Mwaka 2025, bahari: watoto wa LEGO walikuwa na kitalu cha matumbawe na mwamba tangu Agosti, na Januari FRC ikawapa wakubwa matumbawe. Mtu wa pwani angecheka. Matumbawe yao yalikuwa vipande vya bomba la PVC vya sentimita 30 hivi, na mwani ulikuwa mpira wa kipenyo cha sentimita 40. Wakulima wa mwani wa Jambiani wasingeutambua.

Lakini usichukue kila kitu. Vitu vya kuchezea vya wadogo mara nyingi haviji huku. Mada hukupa nguo ya mchezo, haikupi mifupa yake. Msimu wa anga, Destination: Deep Space ya 2019, ulihusu roketi, lakini kazi yenyewe ilikuwa kubandika visahani na kuingiza mipira kwenye matundu. Ungeweza kuuvika ghala, meli au shamba na kazi isingebadilika.

Timu za Afrika Mashariki zitaijua hali hii kupitia FIRST Global, mashindano ya kila nchi timu moja yaliyoanza Washington mwaka 2017, ambayo Kenya na Tanzania zimeshiriki. Mchezo wa kwanza uliitwa H2O Flow. Maji, tena kwa jina kabisa! Uwanjani yalikuwa mipira: ya bluu ndiyo maji safi, ya rangi ya chungwa ndiyo uchafu. Wataniaji wa mchezo wa maji bado wanasubiri kulowa.

5. Chokonoa maneno

Madokezo haya hutungwa kwa Kiingereza na watu wanaopenda kucheza na maneno, hivyo kila neno lifunguliwe maana zake zote. Mswahili hana haja ya kufundishwa hili. Ukiambiwa "paa" unajua kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna kupaa angani. Fanya hivyohivyo kwa neno la kigeni: fungua kamusi kubwa, andika maana zote, hata zile za zamani.

Mfano mzuri kuliko yote ni jina la mchezo wa 2009, Lunacy. Kwa Kiingereza ni wazimu, lakini ndani yake kuna luna, mwezi. Mwaka 2009 ulikuwa miaka 40 tangu binadamu wa kwanza akanyage mwezini, Julai 1969. Na mchezo? Sakafu ya plastiki inayoteleza, magurudumu magumu yasiyoshika kwa lazima ya kanuni, roboti zikiburuzana kama ziko mahali penye uvutano hafifu, kila moja ikivuta tela ambalo wapinzani walijaza mipira. Neno moja lilibeba mahali, tukio na fizikia. Tangu hapo, kila Novemba huwa natafuta kumbukumbu zote za mwaka unaokuja: miaka 50 ya hiki, 100 ya kile. Mwaka 2011, msimu wa 20 wa mashindano, mchezo uliitwa Logo Motion na vitu vya kuchezea vilikuwa na maumbo ya nembo ya FIRST: pembetatu, duara na mraba. Sherehe ya wenyewe nayo ni kumbukumbu.

Ukimaliza maana, nenda kwenye hila za kawaida, kwa mpangilio huu na si vinginevyo: herufi za mwanzo za kila mstari, namba kugeuzwa herufi, sifuri na moja za kompyuta, nukta na vistari vya Morse, picha kugeuzwa juu chini au kuongezwa mwanga, taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Nusu saa inatosha kwa zote. Ikipita nusu saa bila kitu, acha. Nimewaona vijana wenye akili wakitumia wikendi nzima wakihesabu pikseli za kivuli, na kivuli kilikuwa kivuli.

Kuna na vifaa vipya vinavyotangazwa mapema, navyo watu huvisoma kama dokezo. Kabla ya msimu wa 2012 ilitangazwa kwamba timu zitatumia Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft. Watu wakakisia roboti zitakazocheza dansi. Mchezo ukaja kuwa wa mipira ya kikapu na madaraja ya kuyumba, na Kinect ilikuwa njia tu ya kuiamuru roboti kwa mikono sekunde za mwanzo. Kwa hiyo kwa kifaa kipya mimi natoa kete moja, nayo kwa shingo upande.

6. Geuza kila kitu kiwe kitenzi

Sasa una orodha ya uliyoyaona, yaliyokatwa, kete, mada, na maana za maneno. Chora safu mbili. Kushoto andika kila wazo lililobaki, kulia kitenzi chake cha roboti. "Maktaba" inakuwa kupanga wima kwenye rafu. "Soko" inakuwa kubeba na kupanga juu kwa juu. "Ngoma" inakuwa kupiga au kurusha. Utashangaa: mawazo thelathini yanageuka vitenzi visivyozidi sita. Kuokota kutoka sakafuni, kurusha, kupachika juu, kupanga, kusukuma, kupanda.

Hapo uamuzi mkubwa ni mmoja: mwaka huu ni wa kurusha au wa kupachika? Tangu 2022 vimekuwa vikipishana: 2022 kurusha, 2023 kupachika, 2024 kurusha, 2025 kupachika, 2026 kurusha. Kabla ya hapo havikupishana hivyo, 2018 na 2019 ilikuwa kupachika mfululizo, na 2012, 2013 na 2014 kurusha mara tatu. Zipe kete zako uzito unaostahili.

Mfano wa mkono kwa mkono

Nimetunga dokezo la mazoezi, si la kweli. Picha: mzinga wa gogo umening'inia mtini kwa kamba, una tundu moja dogo, nyuki watatu wako nje. Chini yake: "Hakuna aliyefika mikono mitupu."

Nililitega kwa timu yangu, na sekunde ya tano mtu akasema: pembe sita! Sega la asali lina pembe sita. Kweli, lakini sega halionekani pichani. Hilo ni la kichwani mwake, si la karatasini. Tena mwamba wa Reefscape ulikuwa wa pembe sita mwaka 2025, na sidhani mtunzi angependa kujirudia mapema hivyo. Nilimpa kete moja kwa heshima.

Karatasini kulikuwa na nini? Kuning'inia: kete za kupanda hazihitaji kuongezwa, zimeshajaa. Tundu moja dogo: kuingiza kwa usahihi, kete tatu kutoka kurusha kwenda kupachika. Nyuki watatu: kila muungano una roboti tatu, kwa hiyo pengine hawasemi lolote. Nyuki hubeba kidogo kidogo, safari nyingi: vitu vidogo, vingi, pengine mipira, kete mbili zirudi. Na maneno? Binti mmoja aliyekuwa kimya hadi hapo akasema: "Mwalimu, si ndiyo ile roboti inaanza mechi ikiwa tayari imeshika kitu?" Katika michezo mingi ya FRC unaruhusiwa kuanza na kitu mkononi, na sekunde za mwanzo za roboti kujiendesha zinategemea hicho. Mikono si mitupu. Sijui kama mimi mwenyewe niliyelitunga nilikuwa nimelifikiria hilo.

Mwisho wa dakika arobaini tulikuwa na hukumu: okota vidogo vingi kutoka sakafuni, ingiza mahali padogo kwa haraka, kisha panda. Hatukuwa na jina la mchezo, wala hatukulihitaji.

7. Ingia karakana, lakini kwa mkono mmoja

Hapa ndipo nilipoangukia vuli ya 2024. Mada ilikuwa bahari, na sisi watu wazima tukaafikiana kwamba itakuwa mipira midogo: lulu, mapovu, mayai ya samaki. Tukanunua mipira ya sponji ya sentimita 18, tukajenga kifaa cha kurushia chenye magurudumu mawili, tukakirekebisha wiki tano. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amechora lifti ya kupandisha kitu hadi juu ya nguzo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Januari ikaja na mabomba ya kupachikwa kwenye mwamba wenye ngazi nne, na mpira wa sentimita 40 ambao haukuingia hata mdomoni mwa kifaa chetu. Tulirudi kwenye daftari lake tukiwa tumeinamisha vichwa.

Kwa hiyo sasa tunafuata kanuni hii: kabla ya Januari jenga tu kile ambacho hakitapotea ukikosea. Cha kwanza ni mashine ya kupanda, winchi na ndoano, kwa sababu historia inakubeba. Cha pili ni rola za kuokotea zenye nafasi inayorekebishika, ziokote mpira wa sentimita 15 na wa 25, na hata pete. Cha tatu ni lifti au mkono, kimoja kati ya hivyo, si kwa ajili ya mchezo bali ili vijana wajifunze kufunga mnyororo na kusoma vihisi. Gurudumu la kurushia linakuja la nne, mwaka unaoelekea kurusha. Vyote vijengwe kwa plaiwudi na skrubu, visizidi wiki mbili kila kimoja, na visipigwe rangi. Kitu kilichopigwa rangi watu huanza kukipenda, na unachokipenda hukitupi.

Usinunue vitu vya kuchezea kwa kubahatisha. Kama lazima, nunua vitatu, si dazeni tatu. Ile mipira yetu bado iko kwenye kabati, na paka wa mlinzi ndiye aliyeifaidi.

8. Bahasha

Usiku wa kuamkia siku ya uzinduzi kila mtu aandike kete zake za mwisho kwenye karatasi: mpira au kingine, aina moja au mbili, kurusha au kupachika, kupanda au la. Zitiwe kwenye bahasha, ifungwe. Jumamosi, baada ya kutazama mchezo mpya na kusoma kanuni mara moja tu, ifunguliwe na kila mmoja ahesabu kete ngapi alizokuwa ameziweka kwenye jibu la kweli. Andika matokeo ukutani, kwa sababu baada ya miaka mitatu utajua nani katika timu yako anasoma dokezo na nani anajisoma mwenyewe.

Kisha sahau yote, soma kanuni mara ya pili kana kwamba hukuwahi kubahatisha. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika: aliyekisia kurusha ataona kurusha hata kwenye mchezo wa kupachika, na atatetea kifaa chake hadi Februari.

Kwetu mwenye kete chache kuliko wote hatoi mji. Anafagia karakana mwezi mzima. Mwaka 2025 nilifagia mimi.